Kicheko cha Mzee Mihayo

Siku ya kwanza katika ukumbi wa anatomia, wanafunzi wa mwaka wa pili walisimama kandokando ya meza zao, wakainamisha vichwa na kusema kwa sauti moja, "Shikamoo, mwalimu." Hakuna aliyeitikia. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka katika Chuo cha Tiba cha Uluguru. Salamu ilitolewa, na pale ambapo marahaba ingekaa, palikaa kimya.

Walimu walikuwa wamelala juu ya meza, wamefunikwa shuka nyeupe mpaka kidevuni. Kila mmoja alivaa kofia ya nyuzi nyembamba kuliko nywele, zilizopenya fuvu na kusambaa ndani ya ubongo kabla joto la uhai halijamtoka. Mwili ulikuwa umekufa, na uti wa mgongo ulikuwa umefungwa shingoni ili maumivu ya kisu yasipate pa kupita. Lakini umeme mdogo ukipitishwa kwenye nyuzi zile, njia ambazo ubongo ulizizoea maisha mazima ziliwaka tena, na kuonekana kwenye kioo kilichoning'inia juu ya kila meza.

Semeni Kondo, binti wa Kizaramo kutoka Kisarawe, aliinua macho kukitazama kioo cha meza yake. Habari za ubongo alikuwa amezisoma tangu sekondari. Alijua majina ya mikunjo na mabonde yake kama mtu anayejua vituo vya barabara ya kwao. Lakini hakuna kitabu kilichowahi kumwambia kwamba ungekuwa mzuri kiasi kile. Nuru ilitiririka, ikagawanyika, ikakutana tena, mithili ya mito inayoonekana kutoka mlimani baada ya mvua.

"Funga mdomo, dada, inzi wataingia," alinong'ona Lusekelo, Mnyakyusa mrefu aliyepangwa naye meza moja.

Kisha sauti ya mwalimu wao ikasikika. Kila aliyejitolea mwili wake aliacha maneno machache, akayasema akiwa hai, na yalifunguliwa siku hiyo ya kwanza.

"Naitwa Silvanus Mihayo, wa Sikonge. Kazi yangu ni nyuki. Shule sikwenda sana, kwa hiyo nikifa nataka niwe mwalimu, walau mwaka mmoja. Jifunzeni taratibu, mimi sitakuwa na haraka. Mkimaliza mnirudishe nyumbani. Watani waje wanitukane vizuri. Msinizike kimyakimya kama mwizi."

Mzee wa Sikonge, Mnyamwezi. Semeni hakufikiri. Mdomo ulifunguka wenyewe, kama ulivyokuwa ukifunguka mdomo wa mama yake.

"Aa, Mnyamwezi! Umebeba mizigo ya watu mpaka umechoka, ndiyo umekuja kulala juu ya meza yangu?"

Ukumbi mzima uligeuka. Lusekelo alimkanyaga mguu. "Umerogwa? Hiyo ni maiti!"

Lakini kwenye kioo, chini kabisa katikati ya ubongo, nuru ya dhahabu ilichomoza, ikapanda na kutawanyika pembeni kama popo wanaotoka pangoni.

Profesa Hidaya Mkilindi alikuja kwa hatua fupi, miwani imemshuka puani. Ndiye aliyezibuni nyuzi zile akiwa kijana, na wanafunzi walimwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja.

"Nani amesema?"

"Mimi, Profesa. Nisamehe. Ni mtani wangu, nimejisahau."

"Rudia."

Semeni alirudia. Nuru ilichomoza tena, ndogo zaidi, kisha ikatulia.

"Hiyo ni njia ya kicheko," Profesa aliwaambia wote. "Itazameni vizuri, hamtaiona mara nyingi. Hapa hatuji na vichekesho. Na msidanganyike. Ukipiga kelele bondeni mlima unakujibu, lakini mlima haujui umesema nini. Hiki ni mwangwi, na mwangwi haubadiliki. Siku mkiuona umebadilika, niiteni hata kama ninakula."

Mwaka ukaenda. Walijifunza mkono wa Mzee Mihayo kano kwa kano, na Semeni, aliyedhani angetapika, alijikuta akikawia. Alivuta kano moja kwa koleo na kidole cha mzee kikainuka taratibu, kama cha mtu anayeomba nafasi ya kusema. Kwenye kiganja waliona makovu madogo ya miiba ya nyuki, mengi kiasi kwamba ngozi ilikuwa imekata tamaa na kugeuka gome.

Siku waliyojifunza hofu, Profesa aliweka mvumo wa nyuki kwenye vipaza vya meza zote, vile vilivyonasa sauti za karibu na kuzipeleka moja kwa moja kwenye neva za masikio. Katika kila kioo, kile kiini kidogo cha hofu kilichojificha ndani ya pembe ya ubongo kililipuka kwa wekundu. Kwa Mzee Mihayo kilipoa. Nuru yake yote ilishuka na kutandaa, na sehemu za ubongo zinazoendesha mikono ziliamka polepole, moja ikiisubiri nyingine. Wanafunzi waliacha meza zao wakaja kutazama. Alikuwa maiti, na bado walimwona akipanda mti, akifukiza moshi, akitia mkono mzingani bila papara.

"Maisha mazima," Profesa alisema kwa sauti ndogo. "Mtu hujijenga mwenyewe hivi, kidogo kidogo, halafu tunamwita mtu wa kawaida."

Siku nyingine aliwafundisha breki. Alimvisha Lusekelo kofia ya nje, ile isiyopenya, akamwamuru asicheke hata iweje. Kisha akamruhusu Semeni amseme.

"Profesa, huyu alipofika Morogoro mara ya kwanza aliona basi la ghorofa, akauliza waliokaa juu dereva wao yuko wapi."

Kicheko cha Lusekelo kilipanda kwenye kioo, na papo hapo sehemu ya mbele ya ubongo, juu ya macho, ikawaka buluu na kukikandamiza. Mashavu yalimvimba. Machozi yakamtoka.

"Anabana," darasa likasema.

"Ndiyo, anabana," Profesa aliitikia. "Kicheko ni cha kale, kinatoka chini. Mtoto mchanga anacho. Breki ni ngeni, imekaa juu, na inakula umeme mwingi. Ukiwa mgonjwa, ukilewa, ukisinzia, ndiyo ya kwanza kukutoka. Kubana kicheko si jambo dogo, jamani. Ni lazima ujue uko wapi, uko na nani, na kwa nini leo usicheke. Sijaona mwangwi unaobana."

Lusekelo akapasuka, akacheka mpaka akakaa chini.

Semeni hakuwahi kuacha kumtania mzee. Alifanya hivyo asubuhi wakati wa kumfunua shuka, kwa sauti ya chini, Profesa akiwa mbali. Kwao hakuna aliyemkaribia mtani kimya. Mama yake, Bi Siwema, alijulikana Kisarawe nzima kwa kazi hiyo. Msiba ukitokea kwa Wanyamwezi waliohamia jirani, aliitwa kabla ya seremala. Angevaa koti la marehemu, aige kutembea kwake, adai kitanda chake. Mwishoni alisimama mbele ya jeneza na kulizuia. "Mimi ndiye mwenye njia," alisema. "Ukicheka, huendi, nakurudisha ndani ukafue nguo. Ukinyamaza, haya, nenda zako." Kisha alisema jambo la kuchekesha kuliko yote ya siku ile, wafiwa wacheke huku wanalia, na marehemu, kwa kuwa hakucheka, akaruhusiwa kupita.

Bi Siwema mwenyewe alifariki wakati wa masika. Barabara ilikuwa imekatika, na watani hawakufika. Watu walilia, wakafukia, wakaondoka. Hakuna aliyemzuia. Tangu siku hiyo Semeni alikuwa na hisia kwamba mama yake aliondoka bila kuagwa na mtu yeyote.

Ilikuwa karibu na mwisho wa mwaka alipogundua. Alikuwa na utani mmoja alioupenda, kwamba Mnyamwezi hata peponi ataulizia mzigo uko wapi. Mara ya kwanza kioo kiliwaka vizuri. Mara ya pili kiliwaka nusu. Sasa kilikuwa hakiwaki kabisa. Akatoa utani mpya, nuru ikaruka mpaka juu.

"Luse, njoo uone. Amechoshwa na ule wa zamani."

"Ni uzoefu tu," Lusekelo alisema. "Konokono ukimgusa mara nyingi haingii tena ndani ya gamba. Utasema konokono anakukumbuka?"

"Mwangwi hauchoki."

Wote wawili walikumbuka siku ya kwanza, Profesa akisema rudia, na nuru iliyorudi ikiwa ndogo.

Walimkuta Profesa ofisini akila mihogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Konokono, sawa. Lusekelo yuko sahihi, hiyo haitoshi," alisema. "Nataka kitu ambacho konokono hawezi. Semeni, unacho kichekesho ambacho mwisho wake, ukisikika peke yake, hauna maana?"

Semeni alifikiri, kisha akatabasamu. Alikuwa nacho, cha mama yake.

Asubuhi iliyofuata alimwinamia Mzee Mihayo. "Sikiliza, mtani. Mnyamwezi mmoja alimwachia Mzaramo mtungi wa asali amtunzie. Aliporudi, mtungi umekauka. Akauliza, asali yangu iko wapi? Mzaramo akasema, imeliwa na paka, yote. Mnyamwezi hakugomba. Akamkamata paka, akamtia kwapani, akashika njia ya Tabora. Mzaramo akamkimbilia: we! Paka wangu unampeleka wapi?"

Hapo akakata. Akavua glavu na kuondoka.

Siku iliyofuata Profesa alifunga milango ya ukumbi. Ndani walikuwa wao watatu tu. Hakutaka sauti ya Semeni, wala ya mtu yeyote ambaye mzee angeweza kumfahamu. Alileta kinasa sauti chenye sentensi moja, iliyosomwa na mgeni kama mtu anayetangaza bei ya sukari. Walianza na mwalimu wa meza ya jirani, ambaye jana hakusimuliwa lolote. Sentensi ikatoka: "Nimebeba mtungi wangu tu." Njia za maneno ziliwaka, zikazimika, basi.

Wakahamia kwa Mzee Mihayo.

"Nimebeba mtungi wangu tu."

Njia za maneno ziliwaka, zikazimika. Semeni hakujua kama anahisi huzuni au nafuu. Halafu mahali pengine pakaanza kuwaka, hafifu mno. Ilikuwa hipokampasi, kile kipande kilichojikunja kama kamba wa baharini, ambamo ubongo huyaweka mambo mapya. Nuru ilitangatanga humo huku na huku, kama mtu anayejipapasa mifukoni. Ikasimama.

Kisha kicheko kilipanda, cha dhahabu, kikajaza kioo kizima.

Lusekelo aliketi sakafuni. Profesa alivua miwani na hakuivaa tena kwa muda.

"Miaka yote hii," alisema, "nimewapa shikamoo, nikawaambia wanafunzi kimya, heshima. Hakuna hata mmoja niliyemtania." Alizitazama meza nyingine, safu baada ya safu. "Huenda kuna wengine humu. Sijui. Kesho hapatakuwa na ule mtihani wa kukata ubongo. Hakuna ubongo utakaokatwa katika chuo hiki mpaka kila mwalimu atakapojaribiwa."

"Na Mzee Mihayo?" Semeni aliuliza.

"Hapo ndipo penye kazi, mwanangu. Lazima niandike nilichokiona. Nikiandika, mzee hatatoka humu. Yeye ndiye ushahidi. Watamweka kwenye umeme mwaka baada ya mwaka, na kila msomi atakayeshuka kwenye ndege atakuja kumsimulia habari za paka. Akizimwa kwanza na kupelekwa kwao, kama alivyotaka, mimi nitabaki na picha za kioo na maneno yangu. Watasema Mkilindi amezeeka. Na kama hawaniamini, hao wengine watakatwa mwakani." Alimgeukia Semeni. "Nimekesha na mambo mengi katika kazi hii. Hili ni zito kuliko yote."

"Si aulizwe mwenyewe?" Lusekelo alisema kutoka sakafuni.

"Kwa njia gani? Hana ndiyo wala hapana. Alichonacho ni kicheko tu."

Semeni alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Kicheko kinatosha," alisema.

Alivua koti jeupe, akachukua kanga yake mkobani na kujifunga kiunoni kama mama yake alivyokuwa akijifunga. Alimfunika mzee shuka vizuri, akaupanga ule mkono waliouchambua mwaka mzima, kidole juu ya kidole, ukae kifuani. Akaenda kusimama miguuni, mahali ambapo mtani husimama kulizuia jeneza.

"Silvanus Mihayo," alisema kwa sauti kubwa, ya nje, ya msibani. "Mimi ni Semeni binti Siwema, Mzaramo, mtani wako. Njia ya Sikonge ninayo mimi. Sikiliza sharti langu. Ukicheka, huendi popote. Unabaki humu, utawashiwa taa, utasimuliwa vichekesho, na wenzako wa meza nyingine watapona kisu kwa ajili yako. Sitakulaumu, nitakuja kukutukana kila Jumatatu. Ukinyamaza, nakuruhusu, unakwenda kwenu leo. Umesikia?"

Kioo kilitulia. Njia za maneno tu ndizo zilizokuwa zikimeta.

"Haya. Nyuki wako wa Sikonge wamefanya mkutano. Malkia amesimama, amesema: ndugu zangu, yule mzee wetu Mihayo amepata chuo kikuu! Wote wakashangilia. Akasema: lakini nimeletewa taarifa zake. Mwaka mzima amelala darasani. Swali hata moja hajajibu. Nguo hana, amejifunika shuka. Halafu wanafunzi wa huko, watoto wa watu wenye akili zao, wakimkuta amelala hivyohivyo, wanamwambia shikamoo mwalimu!"

Lusekelo aliguna, akaziba mdomo.

Nuru ya dhahabu ilichomoza chini. Ikapanda kwa nguvu kuliko siku zote, ikafika katikati, ikaanza kutawanyika. Semeni alifumba macho. Amekubali kubaki, alijiambia, basi iwe hivyo.

"Tazama," Profesa alinong'ona. "Tazama juu."

Juu ya macho ya mzee, sehemu ya mbele ya ubongo, iliyokaa giza mwaka mzima, ilikuwa imewaka buluu. Ilianza kwa cheche, ikaungana, ikawa ukuta. Dhahabu iliusukuma. Ukuta ulitikisika, ukasimama.

"Anabana," Lusekelo alisema, na sauti ikamvunjika. "Mungu wangu, mzee anabana."

Walimtazama mrina asali wa Sikonge, aliyejua yuko wapi, yuko na nani, na kwa nini leo asicheke. Profesa Mkilindi alisimama wima kama anavyosimama mwanafunzi, mikono ameiweka nyuma. Ukuta wa buluu ulitetemeka, lakini haukuanguka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote walizowahi kuuona ubongo ukifanya, na aliifanya akiwa amelala kimya, bila kukunja hata uso.

"Nimeiona," Profesa alisema mwishowe. "Nitaiandika nilivyoiona. Wasiponiamini, nitawatania maiti wao mbele yao." Akarudi nyuma hatua moja, akaiacha swichi ya umeme wa meza ile mbele ya Semeni.

Semeni aliishika. Haikuwa swichi ya kubonyeza, ilikuwa ya kuzungusha, kama ya redio ya zamani. Alianza kuipunguza, taratibu, kwa kuwa mzee alisema hatakuwa na haraka. Njia za mikono zilififia, zile za kupanda mti na kufukiza moshi. Zikafuata za maneno. Kisha ukuta wa buluu, unaokula umeme mwingi, ukamegeka kipande kwa kipande na kutoweka.

Nyuma yake kicheko kilikuwa kingali palepale. Kikaponyoka. Katika ubongo uliokwisha kuwa giza kilipanda peke yake, cha dhahabu, kikatawanyika hadi pembeni kabisa, na mkono wa Semeni ukaendelea kuzungusha mpaka kioo kikawa cheusi, na ndani yake wakajiona wao watatu.

Semeni alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Akamwinamia mzee sikioni.

"Nimekuona," alisema. "Umecheka, Mnyamwezi. Umechelewa."